Barua Isiyo na Mtu Ndani: Fani ya Dai la Makato ya Benki

Kati ya mwaka 2005 na 2007, benki za Uingereza zilipokea barua nyingi zilizoandikwa kwa mkono mmoja, ingawa waliozitia saini walikuwa maelfu. Majina yalitofautiana na hesabu pia, lakini aya zilikuwa zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kila moja ilidai jambo moja: rudisheni fedha mlizokata akaunti yangu ilipopungukiwa. Benki zikalipa, mara nyingi bila ubishi mkubwa. Kisha Novemba 2009 hoja iliyokuwa imezibeba barua hizo ikaanguka mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Wanasheria wamekwisha kuyachambua maudhui yake. Mimi nataka kuitazama fani, kwa kuwa naona ushindi wa barua ile na kushindwa kwake vilitoka mahali pamoja, napo ni kwenye umbo lake.

Kwanza chanzo. Mteja wa benki ya Uingereza alipotoa fedha kupita salio lake bila kibali, au hundi yake iliporudi, benki ilimkata kiasi maalumu, mara nyingi pauni 30 au zaidi. Kiasi hicho hakikujali kama upungufu ulikuwa wa pauni mia tatu au wa pauni tatu. Mwaka 2006 makato ya namna hii yaliziingizia benki pauni zaidi ya bilioni 2.5, karibu theluthi ya mapato yote yaliyotokana na akaunti za watu binafsi. Wenye salio la kutosha waliendesha akaunti zao bure, na gharama zao zikabebwa na waliopungukiwa.

Dai lenyewe lilisukwa kama tamthilia fupi yenye maonyesho yanayofuatana. Onyesho la kwanza halikudai hata senti. Lilikuwa ombi la taarifa tu: kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 1998, nipeni orodha ya makato yote ya miaka sita iliyopita; nimeambatisha ada ya pauni 10; mna siku 40. Miaka ilikuwa sita kwa sababu sheria ya ukomo wa madai ya mwaka 1980 ilifunga mlango wa madai ya mkataba hapo (Scotland ulifungwa kwenye mitano). Tazama msuko huu ulivyo na akili. Barua inaanza kwa kuomba kitu ambacho benki haina sababu ya kukataa, na kitu hicho ndicho ushahidi utakaotumika dhidi yake. Mlalamikaji hajatamka lalama bado, na benki imeshaanza kumfanyia kazi.

Onyesho la pili ndilo kiini: barua yenyewe ya dai, na ndani yake jedwali. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni sababu ya kato kama ilivyoandikwa na benki, ya tatu ni kiasi. Chini kabisa ni jumla. Hakuna kitenzi, wala kivumishi, wala nafsi inayosema. Kwa mhakiki aliyezoea kutafuta hisia katika lugha, jedwali hili linaonekana kavu. Lakini ndipo mahali penye usanii mkubwa kuliko pote katika barua nzima.

Linganisha na taarifa ya akaunti iliyotoka benki. Humo kato la pauni 30 limekaa katikati ya mshahara, kodi ya nyumba, umeme na mkate. Msomaji anapita juu yake kwa jicho moja, kwa sababu kila mstari una uzito sawa na mwenzake. Benki haikuficha chochote, ilitawanya tu. Jedwali la mlalamikaji linatumia takwimu zile zile na haliongezi hata moja. Kazi yake ni kuchambua, kama mpishi anayetenga mawe na mchele, kisha kuyapanga mawe peke yake kwenye ungo ili mgeni ayaone. Kilichokuwa matukio yaliyotapakaa katika miaka sita kinageuka takriri. Tarehe 3, kato. Tarehe 5, kato. Tarehe 28, kato tena. Takriri hiyo inafichua kisa ambacho taarifa ya benki haikuwahi kukisimulia: kato la kwanza linapunguza salio, salio lililopungua linarudisha malipo yanayofuata, malipo yaliyorudi yanazaa kato la pili. Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba adhabu inajizaa. Anaisoma ikishuka mstari kwa mstari.

Baada ya jedwali huja hoja, nayo ina matabaka mawili. Tabaka la kwanza linatoka katika kesi ya kampuni ya matairi ya Dunlop ya mwaka 1915, ambamo majaji wa Nyumba ya Malodi walitenganisha kiasi kinachokadiria kwa kweli hasara ya aliyevunjiwa mkataba na kiasi kilichowekwa kumtisha mvunjaji. Hicho cha pili hakidaiki mahakamani. Tabaka la pili ni kanuni za mwaka 1999 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba ya watumiaji. Aprili 2006 barua ilipata pumzi mpya pale Ofisi ya Biashara ya Haki, taasisi ya Uingereza ya kuwalinda watumiaji, ilipotangaza kuwa ingechukulia kwamba makato ya kadi za mkopo yanayozidi pauni 12 si ya haki, isipokuwa kuwe na sababu maalumu. Tangazo lilihusu kadi, si akaunti za kawaida, lakini barua ililivuta upande wake. Ilikuwa sasa na tarakimu ya kulinganishia.

Sentensi yenye nguvu kuliko zote katika hoja hiyo ilikuwa swali. Barua iliitaka benki ieleze kila tukio la upungufu liliigharimu kiasi gani hasa. Ni swali la balagha lililovaa nguo za uhasibu. Benki ikijibu kwa tarakimu ndogo, imejifunga. Ikijibu kwa tarakimu kubwa, italazimika kuithibitisha mbele ya hakimu. Ikinyamaza, ukimya wake unasomeka. Mwandishi mzuri wa tamthilia anajua kumweka mhusika wake mahali ambapo kila njia ya kutokea ina gharama, na waliotunga barua hii walilijua hilo.

Kisha hufuata sharti na muda: msiponilipa ndani ya siku kadhaa, kwa kawaida 14, nitafungua dai katika mahakama ya madai madogo, na nitaongeza riba ya asilimia 8 kwa mwaka ambayo sheria inamruhusu hakimu kuitoa. Hakuna tusi, hakuna kilio. Taharuki inajengwa kwa kalenda.

Jibu la benki nalo linastahili kuhakikiwa, kwa kuwa lilikuwa na fani yake. Kwa kawaida lilianza kwa kusisitiza kwamba makato ni halali na ya haki, likaendelea kusema kwamba hata hivyo, kwa nia njema tu na bila kukubali kosa lolote, benki imeamua kurudisha fedha. Nusu ya kwanza inakana, nusu ya pili inalipa, na kiungo kati yao ni neema. Umbo hilo lilifanya kazi moja kubwa: lilizuia hukumu. Kila dai lililolipwa hivyo lilikufa likiwa limeshinda, na hakuna lililoacha nyuma yake kanuni ya kumsaidia mwenzake. Hata pale kesi ilipofika mbele ya hakimu, mambo hayakuwa mepesi. Mei 2007, katika mahakama ya Birmingham, mlalamikaji mmoja alishindwa dhidi ya benki ya Lloyds TSB. Barua ilikuwa tamthilia isiyowahi kuchezwa hadi pazia la mwisho, na wengi waliisifu bila kuuona mwisho wake.

Mwisho ulianza kuandikwa Julai 2007. Ofisi ya Biashara ya Haki ilifungua kesi ya mfano dhidi ya taasisi nane, zikiwemo Abbey National, Barclays, HSBC na Nationwide, na madai ya watu binafsi yakasimamishwa kusubiri uamuzi. Hapo ndipo jedwali lilipotoka jukwaani. Kilichobaki mezani kilikuwa matini ya mikataba, na majaji wakaisoma kwa ukaribu ambao mhakiki yeyote angeuonea wivu.

Walikuta kwamba mikataba ilikuwa imesimulia tukio lile lile kwa namna nyingine. Katika barua, mteja amekosea naye ameadhibiwa kupita kiasi. Katika mkataba, mteja hajakosea kitu. Kwa kutoa fedha asizokuwa nazo, anahesabiwa kuwa ameomba mkopo. Benki imelishughulikia ombi. Kato ni malipo ya huduma hiyo. Mtenda ni yule yule na pauni ni zile zile, lakini msimulizi amebadilika, na pamoja naye aina ya kisa. Aprili 2008 Jaji Andrew Smith wa Mahakama Kuu aliukubali usimulizi huo kwa sehemu: kwa kuwa mikataba aliyoisoma haikuufanya upungufu kuwa uvunjaji wa mkataba, kanuni ya adhabu ya mwaka 1915 haikuwa na mahali pa kushika. Tabaka la kwanza la hoja likaporomoka. La pili alilibakiza, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono Februari 2009.

Tarehe 25 Novemba 2009 majaji watano wa Mahakama ya Juu, taasisi iliyokuwa na wiki chache tu tangu ifungue milango, walilitengua hilo kwa kauli moja. Kanuni za mwaka 1999 zenyewe zilisema kwamba sharti lililoandikwa kwa lugha nyepesi na inayoeleweka halipimwi haki yake kwa kuangalia kama bei inalingana na huduma. Makato, wakasema, ni sehemu ya bei ya kifurushi kizima cha akaunti. Hawakusema kwamba makato ni ya haki. Rais wa mahakama, Lord Phillips, alieleza wazi kwamba njia ya kuyapinga kwa vigezo vingine haikufungwa. Walichofunga ni swali lile moja, la kiasi dhidi ya gharama, ambalo ndilo barua zote zilikuwa zimelijengea nyumba. Kabla ya mwaka kwisha, ofisi iliyofungua kesi ikatangaza kuacha kulifuatilia suala hilo.

Hapa ndipo hukumu yangu kama mhakiki inaposimama. Barua ile ilikuwa na jedwali bora na hoja moja tu, na ili inakilike kwa maelfu ya watu ilibidi imfute mtu. Aliyeachishwa kazi, aliyefiwa na mume, aliyekatwa pauni 30 siku ya kununua dawa: wote walitia saini aya zile zile, na hali zao zikabaki nje ya bahasha. Wakati madai yalipokuwa yakifurika, utofauti huo haukuwa na thamani, maana benki ilikuwa inalipa jumla, hailipi kisa. Lakini hata katika kipindi cha kusimamishwa kwa madai, benki zilitakiwa kuendelea kushughulikia malalamiko ya waliokuwa katika dhiki ya fedha. Baada ya Novemba 2009 dhiki hiyo ikawa karibu mlango pekee uliobaki wazi, kupitia benki yenyewe na kwa msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha. Kile ambacho fani ya barua ilikuwa imekikata ili iwe nyepesi ndicho kilichohitajika.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuipima hoja hii kwa barua rasmi aliyofundishwa shuleni: anwani, tarehe, kumbukumbu namba, cheo cha mwandikiwa, kisha YAH: kwa Tanzania au KUH: kwa Kenya. Mlalamikaji wa huku naye sheria haimwachi mtupu. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mabenki ya Kenya kinakataza benki kupandisha ada zake bila idhini kutangulia, na kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Hata hivyo, kasoro ya barua yetu ni kinyume cha ile ya Waingereza. Ina mtu mwingi: salamu ndefu, historia ya uteja tangu ujana, unyenyekevu, na kufunga kwa utii. Haina jedwali. Mstari wa YAH, ambao ungebeba kiasi na tarehe, huishia kubeba neno “malalamiko” pekee, na ofisa anayeipokea analazimika kutafuta dai ndani ya aya ya nne.

Uingereza yenyewe ilibadilika baadaye, wala si kwa barua. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020, Mamlaka ya Usimamizi wa Huduma za Fedha ilipiga marufuku makato ya kiasi maalumu kwa anayezidisha salio, na ikazitaka benki zitoze riba moja ya mwaka, isiyo kubwa zaidi kwa asiye na kibali kuliko kwa mwenye nacho. Mamlaka hiyo hiyo ikazitaka benki ziwatambue wateja wanaozidisha salio mara kwa mara na kuwafikia walio katika shida. Ukiisoma kanuni hiyo kwa jicho la fani, utaona ina sehemu mbili. Ya kwanza inaamuru bei ionekane kwa tarakimu moja inayolinganishika. Ya pili inaamuru mwenye akaunti aonekane. Barua ya mwaka 2006 ilikuwa na ya kwanza peke yake. Anayeketi leo kuandika dai lake, iwe Dodoma au Eldoret, atafanya vyema akiziweka zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na jedwali litangulie.