Bei ya Uganga: Moto wa Kale katika Kanuni Mpya

Uganga wa kitabuni hauhamishwi kama gunia la korosho, ambalo uzito wake ni ule ule Mtwara na Dar es Salaam. Uganga una mambo mawili: nguvu yake, na bei anayoilipa mwenye kuutumia. Aghalabu wanaouhamisha huihifadhi nguvu, bei wakaiacha njiani.

Mfano mwepesi ni tufe la moto katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974, ambao wachezaji hujifanya mashujaa na wachawi, na mambo yao huamuliwa kwa kutupa dadu. Katika kanuni za 1978 moto huo ulijaza futi za ujazo zipatazo 33,000, ukifuata umbo la mahali. Katika ujia wenye upana wa futi 10 na kimo cha futi 10 ulienea futi 330, yaani 165 kila upande, na mchawi asiyepima mahali aliungua kwa moto wake mwenyewe. Katika kanuni za 2014 moto hauvuki futi 20 kutoka kitovu chake. Katika ujia ule ule hushika futi 40 tu. Ajabu ni kwamba tufe la kadiri hiyo lina ujazo wa takriban futi 33,500. Hesabu imebaki karibu vile vile, hofu imeondoka.

Basi mwenye kutaka kuuleta moto wa 1978 katika kanuni za 2014 na azikubali dadu mpya. Zamani idadi yake iliongezeka kwa cheo cha mchawi. Sasa ni 8, na huzidi tu mchawi akitumia nguvu ya daraja la juu. Hiyo ni nguvu, na nguvu yaweza kubadilishwa. Lakini kule kumrudia aliyeutupa hapana budi kuletwe. Pasipo hapo limehamishwa jina tu.

Msomaji wa Chuno, mjini Mtwara, aweza kuyaona haya kuwa mambo ya watoto. Hata hivyo mkoa wake unaukumbuka uganga mwingine, uliokabili moto wa bunduki kwa ahadi kwamba risasi zitageuka maji. Vita vya Maji Maji vilifika Masasi mwaka 1905. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliuhamisha uganga huo katika kanuni za jukwaa kwa tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

Katika historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mapema Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, kabla ya boma la Mahenge kushambuliwa tarehe 30 ya mwezi huo. Katika tamthilia yungali hai baada ya maafa ya Mahenge. Mwanahistoria atalalamika, na lalamiko lake lina haki: maelfu walipigana bila ya kuwa na Kinjikitile mwenyewe wa kumwuliza habari za maji, na upweke wao huo haumo jukwaani. Hiyo ni hasara ya kweli.

Lakini faida yake ni kubwa zaidi. Hussein amemwacha mtoa maji aishi hata awaone waliokufa kwa kuyaamini. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye, ambaye mwenyewe amekwisha kuingiwa na shaka, anakataa, kwa kuwa neno lake limekwisha kuwa mali ya watu na kulikana ni kuwanyang'anya. Uganga umemrudia aliyeutoa, kama moto katika ujia mwembamba.

Mtungaji dhaifu angeyafanya maji kuwa mwujiza wa kushangiliwa, au ujinga wa kuchekwa. Kwa njia zote mbili asingekuwapo wa kulipa. Hussein amebadili tarehe, akahifadhi deni. Wanafunzi watakaoziweka hadithi za pwani ya Ruvuma katika michezo mipya, ya jukwaani au ya mezani, na waulize kwanza ni nani aliyelipa, kisha ndipo wahesabu dadu.