Flavonoidi si Ladha
Kijikaratasi kimoja cha dawa za asili, kilichotufikia kutoka Sombetini, Arusha, kimezitafsiri flavonoidi za mimea kuwa “vitamini za ladha”. Tafsiri hiyo ina makosa mawili. Kwanza, asili ya neno ni flavus la Kilatini, yaani rangi ya manjano, wala si ladha. Pili, jina “vitamini P”, lililopendekezwa mwaka 1936, liliachwa baadaye, kwani haikuthibitika kuwa upungufu wa kemikali hizo huleta maradhi. Kwesetini iliyomo katika vitunguu huzuia uoksidishaji maabarani. Hilo halitoshi kuiita tiba. Twapendekeza “flavonoidi” ibaki hivyo. Mgonjwa akidanganywa na istilahi, aweza kuacha dawa aliyoandikiwa na daktari.