Neno la Kiingereza "Up" katika Kamusi na Tafsiri za Kiswahili

Maneno marefu ya Kiingereza hayamsumbui sana mfasiri wa Kiswahili. Neno refu la sayansi kwa kawaida lina maana moja, na likiisha kupatiwa jina la Kiswahili kazi imekwisha. Yanayosumbua ni maneno mafupi, ambayo mwanafunzi huyajua tangu mwaka wake wa kwanza wa kujifunza lugha hiyo, na kwa sababu hiyo haoni haja ya kuyatafuta katika kamusi. Miongoni mwa hayo, "up" ni mfano ulio bora. Lina herufi mbili tu, na kamusi za Kiingereza–Kiswahili, tangu ile ya Madan ya 1894, ile ya Johnson ya 1939, hata ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya 1996, humwelekeza msomaji kwenye neno juu. Jawabu hilo ni sahihi, lakini ni sahihi kwa sehemu ndogo ya kazi za neno lenyewe. Pale lisipokuwa sahihi humpotosha mfasiri, na mara nyingine humfanya aseme kinyume cha maneno aliyokuwa akiyafasiri.

Ugumu huu si wa Waswahili peke yao. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya 1755, alikwisha kuonya kwamba hakuna jambo linalowatatiza wageni katika lugha hiyo kama desturi ya kukiongezea kitenzi neno dogo nyuma yake, kikageuka maana kabisa. Hata asili ya "up" yafundisha kwamba maana ya mahali haikai mahali pamoja. Wataalamu wa lugha za Kihindi-Kizungu hulirudisha neno hilo kwenye shina lile lile lililozaa "sub" ya Kilatini na "hypo" ya Kigiriki, na maneno hayo mawili yana maana ya chini. Yaonekana kwamba shina la kale lilitaja mwendo wa kutoka chini kwenda juu. Ndugu mmoja akashika mwisho wa safari, na wengine wakashika mwanzo wake.

Tuanze na maana iliyo nyepesi, yaani mwendo wa kuelekea juu. Hata hapa juu si tafsiri ya kwanza inayofaa. Mwingereza husema "go up", "lift up", "stand up", "wake up", "pull up", "dig up". Mswahili husema panda, inua, simama, amka, ng'oa, fukua. Katika kila jozi, Kiingereza kimetumia maneno mawili, na Kiswahili kimoja tu. Leonard Talmy, katika uchunguzi wake wa 1985, alizigawa lugha kwa makundi: zile ziwekazo njia ya mwendo ndani ya kitenzi, na zile ziiwekazo katika neno dogo linalokifuata. Kiingereza ni cha kundi hili la pili. Kiswahili, kwa vitenzi kama panda, shuka, ingia, toka, pita na vuka, kiko wazi katika kundi la kwanza. Kwa hiyo mtu asemaye "panda juu" hakosei, lakini juu hapo ni mkazo, wala si sehemu ya lazima. Na asemaye "amka juu" amekwisha kuacha Kiswahili.

Tena, vitenzi vingine vya Kiswahili hupata kazi hii kwa viambishi vyake vyenyewe. Fukia ni kufunika kwa udongo, na fukua ni kutoa kilichofukiwa. Kinachobadilika ni mwisho wa kitenzi, wala hakuna neno la mahali lililoongezwa. Mfasiri anayetafuta tafsiri ya "up" katika "dig up" anatafuta kitu ambacho Kiswahili hakikukiweka katika neno; kimekiweka katika umbo la kitenzi.

Hata katika jiografia, "up" haina uhusiano wa daima na kimo. Mwingereza hwenda "up" London kutoka pande zote, na katika reli za Uingereza njia ielekeayo London ndiyo iitwayo "up", hata ikiwa yateremka. Katika Afrika ya Mashariki Waingereza waliziita nchi za ndani "up-country". Mswahili wa pwani alikuwa na neno lake tayari, nalo ni bara, lisilosema lolote juu ya mwinuko. Anayefasiri "up-country people" kwa "watu wa juu" ameandika habari za wakubwa, na aliyeambiwa habari zake ni mtu wa bara.

Maana ya pili, nayo ndiyo iliyo tajiri kuliko zote, ni ukamilifu wa tendo. "Drink the water" ni kunywa maji; "drink up the water" ni kuyanywa yakaisha. Vivyo hivyo "eat up", "use up", "burn up", "dry up", "fill up". Hapa hakuna kwenda juu kokote. Nyumba ya Mwingereza huweza kuungua kwa "up" na ikaungua kwa "down", na majivu ni yale yale. Je, Kiswahili husemaje jambo hili? Husema kwa njia nyingi, na kila njia ina mahali pake.

Njia ya kwanza ni kitenzi chenye ukamilifu ndani yake. Nyumba iliyoungua yote imeteketea, na aliyekula hata akakwangua masalio ya chunguni ameyakomba. Njia ya pili ni kuongeza kitenzi cha kumaliza: alikula akamaliza, fedha zilitumika zikaisha. Njia ya tatu ni yale maneno ya mwigo na mkazo ambayo wanasarufi wa zamani waliyatia pembeni kana kwamba ni mapambo: mtungi umejaa pomoni, mtu amejifunika gubigubi, nguo zimelowa chepechepe. Katika "the jar is filled up", mzigo uchukuliwao na "up" ndio uchukuliwao na pomoni. Lakini pomoni haikubali kufuatana na kila kitenzi, kwa maana haiwezekani kusema mtu amejifunika pomoni. "Up" ni mtumishi wa kila nyumba, na maneno haya ya Kiswahili kila moja lina bwana wake. Kamusi isiyoonyesha ni neno gani laandamana na kitenzi gani haijamsaidia msomaji.

Njia ya nne yastahili kuangaliwa zaidi. Kiswahili hukiongeza kitenzi kwa kauli ya kutendea, kisha hukifuatisha na neno mbali: tupilia mbali, potelea mbali, ulia mbali. Aliyetupilia mbali shauri amelikataa moja kwa moja. Hapa lugha mbili zimechagua mahali pawili tofauti pa kuuweka mwisho wa tendo. Mwingereza huuona mwisho uko juu, labda kwa kuwa chombo kikijazwa maji hupanda hata ukingoni. Mswahili huuona mwisho uko mbali, pale ambapo kitu hakirudi tena. Zote mbili zimechukua neno la mahali na kulitumia kwa jambo lisilo la mahali. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili ni maskini kwa kukosa neno la "up" hakuangalia vizuri, maana utajiri upo, ila umewekwa katika ghala nyingine.

Ubaya wa kulishika neno juu kwa upofu waonekana hasa hapa, kwa sababu juu nayo ina njia zake, na njia hizo mara nyingine zaelekea upande mwingine kabisa. Mwanafunzi wa Kiingereza aliyefanya "read up" somo lake amelisoma kwa bidii na kulikusanya lote. Mswahili aliyesoma juujuu amelipitia bila kuingia ndani. Neno lile lile linalodhaniwa kuwa sawa na "up", likikaririwa, lamaanisha kutokamilika. Sababu yake si ngumu: kwa Mwingereza juu ni ukingo wa chombo kilichojaa, kwa Mswahili, katika msemo huu, juu ni ngozi ya kitu, na ukweli uko ndani. Hali kadhalika mjumbe wa baraza ambaye katika taarifa ya Kiingereza "came up with a proposal" alibuni pendekezo. Mfasiri akiandika kwamba mjumbe alikuja juu, wasomaji watafahamu kwamba alikasirika na kufoka.

Makosa ya namna hii huchekesha, na kwa hiyo husahihishwa upesi. Kosa lisilochekesha ndilo la hatari, nalo lapatikana katika "up to you". Kiingereza hutumia maneno hayo kwa mambo mawili. La kwanza ni hiari: uamuzi ni wako, na lolote utakalochagua hutalaumiwa. La pili ni wajibu: "it is up to the government to act", yaani serikali haina budi kutenda. Msemaji wa Kiingereza hutambua tofauti kwa muktadha. Sasa Kiswahili kina msemo unaofanana nao sana: ni juu yako. Malezi ya mtoto ni juu ya wazazi. Gharama za safari ni juu ya msafiri. Katika sentensi hizi juu hutaja mzigo uliowekwa begani mwa mtu. Ni msemo wa Kiswahili safi wenye maana ya wajibu.

Tazama basi fomu ya ridhaa ya utafiti wa tiba, iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza, ikimwambia mgonjwa kwamba kushiriki au kutoshiriki ni "up to you". Mfasiri akiandika "Ni juu yako kushiriki", kila neno litaonekana kuwa mahali pake, na aliyehakikisha tafsiri hiyo neno kwa neno hataona kasoro. Lakini mgonjwa aweza kusoma kwamba ni wajibu wake kushiriki. Hati iliyotungwa ili kumpa mtu uhuru wa kukataa imemnyang'anya uhuru huo. Ni kweli kwamba wako wasemaji wa leo watumiao "ni juu yako" kwa maana ya hiari, na lugha haiwezi kukatazwa kukua. Hata hivyo maana ya wajibu ingali hai, na hati ya ridhaa haifai kutegemea msemo wenye maana mbili zinazopingana. Wala "shauri yako" haiponyi jeraha hilo, kwa kuwa mara nyingi hutamkwa kama onyo, yaani ukipatwa na baya usimlaumu mtu. Yafaa kuandika wazi: ni hiari yako, au uamuzi ni wako. Maneno hayo yapo, ni mepesi, na hayana mtego.

Je, lawama ni ya watungaji wa kamusi? Ingekuwa dhuluma kusema hivyo bila kupima. Madan alikuwa mmisionari, na Johnson alifanya kazi chini ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930. Kamusi zao za Kiingereza–Kiswahili zilimfaa sana Mwingereza aliyejua "up" tangu utotoni na aliyetaka neno la kumwambia Mswahili. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa kazi za "up"; alihitaji kuelezwa kazi za juu. Leo wengi wa wafunguao kamusi hizi ni Waswahili wasomao Kiingereza: wanafunzi, waandishi wa habari, mawakili, wafasiri wa hospitali. Kwao giza liko upande mwingine. Msomaji amebadilika, na mpango wa maneno haukubadilika vya kutosha. Tena vitenzi vyenye "up" hutawanywa chini ya herufi zake, "give up" chini ya G na "use up" chini ya U, hata msomaji asiweze kuona kwamba kuna kanuni inayoviunganisha.

Dawa yake si kuongeza orodha ya tafsiri mbele ya juu. Yapasa neno kama hili lipangwe kwa kazi zake: mwendo, kuamka na kusimama, kuongezeka, kukamilika, kutokea, hiari na wajibu. Chini ya kila kazi itajwe njia ya Kiswahili, iwe ni kitenzi peke yake, kauli ya kitenzi, neno la mwigo, au sentensi nzima. Kila njia ipewe mfano mmoja uliokamilika. Na pale ambapo juu ni mtego, mtego huo utajwe waziwazi. Kurasa zitaongezeka, na mchapaji atanung'unika. Lakini neno la herufi mbili likipewa ukurasa mzima halikupewa zaidi ya haki yake, ikiwa kwa ukurasa huo mgonjwa mmoja atajua kwamba ana ruhusa ya kusema hapana.