Mkanda wa Mgongoni Ndio Unaobeba

Kuna ishara ambayo wanawake wa Dar tunaijua bila kuambizana. Dada anashuka kwenye daladala pale Goba Njia Nne, anageuka pembeni kidogo, kidole kinapita chini ya kola ya blauzi kurudisha kamba ya sidiria iliyoteleza. Hatua chache mbele mkono unakwenda mgongoni kuushusha mkanda uliopanda. Amefanya hivyo asubuhi kituoni, amefanya ofisini, na Jumapili atafanya tena kanisani watu wakisimama kuimba. Ukimwambia mtu wa namna hiyo ajiamini, unamwonea. Siku nzima ana kazi ya kulinda nguo isimwaibishe.

Mambo ya nguo za ndani huzungumzwa kama mambo ya tabia: jipende, thubutu, vaa kama Mfaransa. Mimi nadhani ni mambo ya ufundi kwanza, na hao Wafaransa wenyewe waliyaanzia huko. Wengi wakisikia nguo za ndani za Kifaransa wanawaza lesi, riboni na bei ya kutisha. Lesi ipo na ni nzuri kweli. Ile ya miji ya Calais na Caudry bado hufumwa kwa mashine za Leavers, ambazo asili yake ni Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini lesi haibebi kitu. Kilicholeta mageuzi ni namna ya kugawa uzito.

Kabla ya hapo mwanamke wa Ulaya alivaa koseti, vazi gumu lenye mbavu za chuma au za mfupa wa nyangumi, lililobana kiuno na kuyasukuma matiti juu kutokea chini. Mwaka 1889, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, yale yaliyozindua mnara wa Eiffel, mshonaji Herminie Cadolle alionyesha koseti iliyokatwa vipande viwili. Cha chini kilishika kiuno, cha juu kilibeba matiti kwa msaada wa kamba za begani. Baadaye kipande cha juu kikaanza kuuzwa peke yake, na jina la Cadolle lingali likishona Paris hadi leo, kwa wateja wanaopimwa mmoja mmoja. Uzi wa elastani uliovumbuliwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1958, ambao dunia inaujua kwa jina la Lycra, ukamalizia kazi: mkanda unaozunguka mbavu ukaweza kushika vizuri zaidi bila kumzuia mtu kupumua.

Sidiria iliyotengenezwa vizuri hukaa kwa mkanda huo wa mbavuni. Kamba za begani husaidia tu kuviweka vikombe mahali pake. Mama aliyewahi kumbeba mtoto kwa mbeleko anaijua kanuni hii mwilini mwake, kwamba kanga inayomzunguka na kukazwa vizuri ndiyo inayomshika mtoto. Ikilegea huko, hata ukiivuta begani namna gani, mtoto atateremka. Jaribio lake ni rahisi. Vaa sidiria yako, teremsha kamba zote mbili kutoka begani, tembea kidogo chumbani. Ikibaki palepale, mkanda unafanya kazi. Ikishuka, mabega yako yamekuwa yakibeba mzigo usio wake, na zile alama za kamba zilizochimba mabegani zina maelezo.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo wengi wetu tulipopotezwa. Chukua mfano wa mwalimu wa Goba Kinzudi ambaye miaka yote amevaa namba 38 kwa sababu ndiyo aliyopewa mara ya kwanza na ikamwenea. Mpime kwa futi ya fundi. Chini ya matiti, futi ikiwa imekaza kidogo na imenyooka mgongoni, anatoka sentimita 76. Juu ya matiti, pale yanapojaa zaidi, futi ikiwa imelegea, anatoka 95. Tofauti ni 19. Kwa vipimo vya Ulaya, mbavu za kati ya 73 na 77 huvaa mkanda wa 75, na tofauti ya kati ya 18 na 20 ni kikombe D. Kwa hiyo dada huyu ni 75D. Mwingereza ataandika 34D. Mfaransa ataandika 90D, kwani namba yake ya mkanda huzidi ile ya Ulaya kwa 15. Ni mwili mmoja na nguo moja, lebo tatu.

Angalia kilichotokea kwenye ile 38. Ujazo wa kikombe haupimwi kwa herufi peke yake, unategemea na mkanda. Kikombe cha 34D kinalingana na cha 36C, nacho kinalingana na cha 38B. Kwa hiyo mwalimu wetu, ndani ya 38 yenye kikombe cha ujazo wa B, akijitazama kwenye kioo kwa mbele anaona vikombe vimemjaa vizuri, havijakunjamana wala havijamwagika, anaridhika. Ubaya uko nyuma, asikouona. Mkanda ule umekatwa kwa ajili ya mbavu zinazomzidi kwa karibu sentimita 10, hauna pa kushika, unapanda hadi kwenye mabega ya nyuma. Nyuma ikipanda, mbele inashuka. Anakaza kamba, zinamchimba. Anahitimisha kwamba matiti yake yamelala kwa sababu ya kunyonyesha, wakati kifua chake hakina tatizo lolote.

Kwa nini akafikia 38? Soko ndilo lililomfikisha. Sidiria nyingi mpya za bei ya chini zinazopangwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kusambazwa kwa dazeni hadi kwa wauzaji wa Goba, Tandika na Mbagala, zina namba bila herufi: 34, 36, 38, 40. Mtengenezaji amechukulia kwamba mwenye mbavu nyembamba ana matiti madogo, na mwenye mbavu pana ana makubwa. Miili yetu haikukubaliana na hilo. Mwenye mbavu nyembamba na kifua kilichojaa hupanda namba akitafuta kikombe, na kila akipanda namba mkanda unalegea zaidi. Mwenye mbavu pana na kifua kidogo anapata shida hiyohiyo kwa upande wa pili: mkanda unamtosha, kikombe kinabonyea mbele kama hakina mtu.

Hii ndiyo siri ya mapenzi ya wanawake wengi kwa sidiria za mtumba, ambayo viongozi wetu sidhani kama wameielewa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na mara kwa mara hupita masokoni kuzikamata. Kwa upande wa afya naiunga mkono, na kwa chupi sina hata la kujadili. Lakini anayeinama kwenye rundo la soko la Karume akitafuta sidiria, akisoma lebo moja moja, mara nyingi anatafuta ile herufi. Belo la Ulaya lina 32E na 36A kwa sababu huko nguo hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye vipimo. Marufuku imekagua uchafu, haijagusa kipimo. Waagizaji wa nguo mpya wakidaiwa waandike mkanda na kikombe kwenye kila sidiria inayoingia bandarini, mtumba utapoteza sehemu kubwa ya mvuto wake bila askari kukimbizana na mmachinga.

Wakati tukisubiri hilo, yupo fundi cherehani. Mtu mwenye sidiria nzuri iliyomzidi kidogo mkandani anaweza kumpelekea akampunguzia. Kazi yenyewe ni ndogo: anafumua pale vishikizo vya nyuma vilipounganishwa na mkanda, anakata kiasi kilekile kila upande, anarudishia vishikizo. Pana mambo mawili ya kumwuliza kabla hujamwachia. Kwanza, mshono. Cherehani ya Butterfly nyeusi ya miguu inashona mstari ulionyooka tu, na mstari wa hivyo kwenye kitambaa kinachovutika unaweza kukatika ukivaa. Inatakiwa zigizaga, inayovutika pamoja na kitambaa. Pili, kiasi. Kupunguza sentimita 5 kwa jumla kunavumilika. Ukizidisha hapo, waya za vikombe zinavutwa kuelekea kwapani. Yule mwalimu wa 38 fundi hawezi kumsaidia. Anahitaji 34D yake.

Rangi nayo ni ufundi. Dukani ukiomba sidiria ya rangi ya mwili unapewa ile ya maziwa yenye uwaridi kidogo, ambayo ni rangi ya mwili wa mtu mwingine. Ukiivaa chini ya blauzi nyeupe inaonekana kama bango. Nyeupe chini ya nyeupe inaonekana pia, jambo linalowasumbua sana manesi na wanakwaya. Kinachopotea chini ya nyeupe ni rangi inayokaribiana na ngozi yako: kahawia, chokoleti, na kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi, damu ya mzee. Ijaribu mbele ya dirisha lenye jua, utashangaa.

Kwa habari ya kuvaa kwa ajili yako mwenyewe, jambo ambalo Wafaransa husifiwa nalo, pwani yetu haikungoja Paris. Shanga za kiunoni zilivaliwa chini ya nguo na hazikuwa za kuonyeshwa mtaani. Nguo zilifukizwa udi, kikuba cha asumini kikawekwa, na mwali akafundishwa na somo yake, yaani kungwi wake, kwamba usafi na urembo wa ndani ni heshima yake kabla ya kuwa zawadi kwa mwenzake. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwao alikuwa pia kungwi wa unyago. Elimu ile ilikuwa ya mtu na mtu. Somo alimjua mwali wake, hakumfundisha kwa namba za dazeni.

Kitchen party zetu za sasa zimeirithi nafasi hiyo, na hapo ningependa tujirekebishe. Bibi harusi anapokea magauni ya usiku na seti za lesi kwenye maboksi, zote za kubahatisha, na nusu yake haziingii mwilini. Tunaona haya kumwuliza vipimo, wakati hatuoni haya kumpa nasaha za chumbani kwa kipaza sauti. Somo amchukue pembeni wiki mbili kabla, ampime sehemu mbili, awapelekee namba shangazi na mashoga wanaochangia. Seti moja inayomkaa itamfaa kuliko tano za kusukumia kabatini.

Halafu kuna joto. Dar ni mji wa jasho, na chupi ya lesi ya nailoni tupu kwa siku nzima ni mateso. Igeuze ndani kabla hujalipa: pale katikati pawe na kitambaa cha pamba, na nje pawe na lesi upendavyo. Kwenye kufua, sabuni ya kawaida na maji ya baridi vinatosha. Dawa ya kung'arisha yenye klorini inaua elastani, na kuikamua sidiria kwa kuisokota kunapinda waya. Tuna desturi ya kuanika nguo za ndani chini ya kanga zisionekane. Sidiria kivuli kile kinaifaa, mradi upepo unapita. Chupi za pamba zinahitaji jua lenyewe zikauke kabisa, kwa hiyo tafuta kamba ya uani ambako macho ya wageni hayafiki.

Sidiria mpya funga safu ya nje kabisa ya vishikizo, ile iliyolegea kuliko zote. Mkanda unalegea kadiri unavyovaliwa, na zile safu za ndani zimewekwa kwa ajili ya miezi ijayo. Anayeanzia safu ya ndani siku ya kwanza amenunua mkanda mpana, na hana pa kukimbilia ukilegea. Ukifika safu ya mwisho na mkanda bado unapanda mgongoni, sidiria hiyo imemaliza kazi yake. Itoe kabatini, hata kama lesi yake bado inang'aa.