Sura ya Humphrey Bogart katika The African Queen

Humphrey Bogart (1899–1957) alianza kujulikana kwa kuigiza majambazi. The Maltese Falcon (1941) na Casablanca (1942) zikamjengea sura ya mwanamume mkali wa maneno, afichaye huruma yake. The African Queen (1951), ambayo sehemu yake ilipigwa picha katika Kongo ya Wabelgiji, inaivunja sura hiyo: Allnut, mwendesha mashua, ni mlevi, mwoga, mwenye kuchekesha. Kwa uigizaji huo, mwaka 1952 alipata tuzo yake pekee ya Oscar. Hata hivyo, utu huo umegawiwa kwa ubahili. Wazungu wawili wanabadilika mbele ya mtazamaji; wanakijiji Waafrika wanaimba kanisani, wanaswagwa na askari, wala hawaonekani tena. Bogart anastahili sifa zake. Lakini mto uliombeba ulikuwa na wenyewe.