Kiwambo na Urefu wa Mtutu

Mshindo wa bunduki huumbika ndani ya mtutu kabla haujasikika nje, na kwa sababu hiyo fundi anayestahili sifa katika kazi ya viwambo vya sauti ni yule anayeanza kwa kuujua mtutu. Kiwambo chenyewe ni silinda ya chuma inayofungwa kwa hesi kwenye mdomo wa bunduki, ikiwa na vyumba vilivyotengwa kwa visahani vyenye tundu la kupitisha risasi, ambamo gesi ya baruti hutanuka na kupoa badala ya kufumuka hewani kwa mkupuo mmoja. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1909, alitumia wazo lilelile kutuliza mabomba ya moshi ya injini, na undugu huo unaeleza mengi, kwa kuwa vyombo vyote viwili hutawala gesi tu.

Mtutu mrefu huipa baruti muda wa kuungua na gesi nafasi ya kutanuka, ilhali mtutu mfupi huiachia gesi ingali na shinikizo na joto kali, ikibeba chembe ambazo hazijaungua, nazo hukipiga kisahani cha kwanza na kukila kidogo kidogo. Bunduki ya kijeshi ya M16 ina mtutu wa milimita 508 na ile ya M4, yenye risasi za kipimo hichohicho, ina wa milimita 368. Kiwambo kinachodumu kwenye ile ya kwanza huchakaa mapema kwenye hii ya pili, ndiyo maana watengenezaji makini hutaja urefu wa chini kabisa unaokubalika. Hata hivyo, kiwambo huongeza uzito mbele, na wawindaji wa Finland na Norway, ambako chombo hiki ni kinga ya kawaida ya masikio, huona raha ya mtutu uliopunguzwa kiasi wanapopita vichakani.

Risasi ipitayo kasi ya sauti, takribani mita 340 kwa sekunde, hutoa mwaliko wake yenyewe angani, na hapo kiwambo hakifui dafu. Uzuri wa bunduki ya William Godfray de Lisle, iliyoundwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, umo katika kulitambua hilo: risasi nzito ya bastola, ya inchi 0.45, isiyofikia kasi hiyo, mtutu mfupi unaoitosha, na kiwambo kinene kilichoumeza mtutu wote, hata ikasemwa kwamba kelele iliyosikika zaidi ilikuwa ya komeo likivutwa kupakia risasi ya pili.