Ushahidi Ulikuwa Kwenye Kidole Kidogo

Vifaa vyenyewe havitishi. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, kila moja sentimita za mraba 35, nyaya mbili, na mashine ndogo ya kutoa mkondo wa umeme usiozidi miliampia 1. Sponji moja huwekwa kichwani, juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Nyingine hukaa kwenye paji la uso, upande wa pili. Kwa vifaa hivyo Michael Nitsche na Walter Paulus wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofufua mbinu iliyokuwa imesahaulika, ya kubadili utendaji wa ubongo kwa umeme bila kugusa fuvu kwa kisu.

Umeme haukuwa jambo geni. Katika miaka ya 1960, Lynn Bindman na wenzake walikwisha kuonyesha kwa panya kwamba mkondo dhaifu juu ya gamba la ubongo huacha mabadiliko yanayodumu hata baada ya swichi kuzimwa. Kwa binadamu, tatizo lilikuwa kuona chochote. Miliampia 1 haimrushi mtu wala haitikisi kidole. Anayewekewa husikia mwasho kidogo, basi. Utajuaje kwamba ndani ya fuvu kuna kilichobadilika?

Hapo ndipo ilipo akili ya jaribio lile. Watafiti hao waliazima kipimo kutoka chombo kingine kabisa: koili ya sumaku, ambayo Anthony Barker na wenzake waliitambulisha mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili ikishikwa juu ya eneo la mkono na kupiga pigo moja, seli za neva chini yake hufyatuka, amri hushuka kwenye uti wa mgongo, na msuli wa kidole kidogo unaruka. Elektrodi zilizobandikwa mkononi huandika ukubwa wa mruko huo. Basi wakapima kwanza, wakapitisha mkondo, kisha wakapiga tena kwa nguvu ileile ya sumaku. Msuli ukiruka zaidi kuliko mwanzo, ubongo umekuwa mwepesi kuitika. Ukiruka kidogo, umezubaa.

Anodi, yaani sponji ya upande chanya, ilipokaa juu ya eneo la mkono, mruko uliongezeka. Kathodi, ile ya upande hasi, ilipokaa palepale, ulipungua. Tofauti ilifika hadi asilimia 40. Binafsi, asilimia hiyo hainishawishi kama kule kugeuka kwa matokeo: badilisha nyaya, jibu nalo linageuka. Tena walijaribu kuziweka sponji sehemu nyingine za kichwa, zisifanye kazi. Kwa miliampia 1, ilibidi mkondo upite dakika 3 angalau ndipo athari ibaki baada ya kuzima. Mwaka uliofuata, wakiongeza muda hadi dakika 13, walipata athari iliyodumu hadi dakika 90.

Kiasi kidogo hivyo kinafanyaje kazi? Seli ya neva iliyotulia ina volteji ya takriban milivolti 70 chini ya sifuri, na huhitaji kupanda kama milivolti 15 ili ifyatuke. Umeme unaofika ubongoni kwa njia hii hausogezi hata milivolti 1. Hauwezi kuifyatua seli iliyolala. Lakini seli nyingi zinapokea ishara wakati wote, na chungu kilichokaribia kuchemka hakihitaji kuni nyingi. Mwaka 2002 kundi hilohilo la Göttingen liliwapa washiriki dawa kabla ya mkondo. Kabamazepini, dawa ya kifafa inayobana milango ya sodiamu ya seli, ilifuta athari ya anodi. Dekstromethofani, inayoziba baadhi ya vipokezi vya seli na ambayo wengi wameinywa katika dawa ya kikohozi bila kuijua, ilifuta athari iliyobaki baada ya mkondo, ya anodi na ya kathodi pia. Yaani kinachodumu kinapitia vipokezi vilevile ambavyo ubongo huvitumia kujifunza.

Habari hiyo ya kujifunza ndiyo iliyowatia watu tamaa. Maabara nyingi zilihamisha sponji kwenda kwenye kumbukumbu, lugha na hesabu, na wengine wakaanza kujitengenezea mashine nyumbani kwa betri za volti 9 (usijaribu). Ila kwenye kumbukumbu hakuna kidole cha kuruka. Kilichobaki ni alama za mtihani, ambazo hupanda na kushuka kwa usingizi, njaa na hamu ya kumridhisha mtafiti. Mwaka 2015 Jared Horvath na wenzake walijumlisha tafiti za akili zilizotumia mkondo kwa kikao kimoja, wakasema hawaoni athari ya kutegemewa. Njia yao ya kujumlisha ilipingwa vikali, na sidhani wapingaji walikosea kila kitu, lakini shaka ilikuwa imeingia. Hata kwenye kidole mambo hayakunyooka: mwaka 2013 ilionekana kwamba kathodi ya miliampia 2 kwa dakika 20 huongeza wepesi badala ya kuupunguza. Dozi ikizidi, kanuni inapinduka.

Kisha ikaja hoja ya ngozi. György Buzsáki na wenzake walipima kwenye maiti na kuripoti mwaka 2018 kwamba takriban asilimia 75 ya mkondo hupotelea kwenye ngozi, nyama laini na fuvu kabla ya kufika ubongoni. Mwaka 2019 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wakichunguza mkondo unaogeuka-geuka, walitia ngozi ganzi, na athari kwenye mfumo wa misuli ikapungua sana. Huenda neva za ngozi ndizo zilizokuwa zikiupigia ubongo hodi. Ile desturi ya kikundi cha kulinganisha, ambapo mashine huwashwa kwa sekunde kama 30 kisha kuzimwa kimya ili mtu ahisi mwasho uleule, haiwezi kujibu hoja hiyo, kwa kuwa ngozi yake haichochewi kwa muda wote wa jaribio.

Jibu lilitafutwa kwa nyani. Maabara ya Christopher Pack huko Montreal, Kanada, ilirekodi seli moja moja ndani ya ubongo wao huku hisia za ngozi zikiwa zimezuiwa kwa ganzi. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha seli zikiendelea kufuata mapigo ya mkondo unaogeuka-geuka. Hilo linathibitisha kwamba umeme unafika na seli zinausikia. Halithibitishi kwamba mwanafunzi atakumbuka somo, na utafiti unaodai hivyo bado una kazi ya kuonyesha ulipima nini badala ya kidole.